Vasi ya Buluu Yenye Nembo ya Shimazu: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Satsuma

Vasi yenyewe si kubwa. Kimo chake ni sentimita 24.3, tumbo lake lina upana wa sentimita 13.1, na uzito ni gramu 880. Imepakwa buluu iliyokolea kama anga la usiku, na juu ya buluu hiyo kuna nakshi nyembamba za dhahabu. Ubavuni, upande huu na ule, imeachwa nafasi yenye rangi ya pembe ya ndovu ambamo kumechorwa picha. Iliingia kwenye mnada mdogo wa mali za urithi huko Uingereza ikiwa na maelezo mafupi: Satsuma halisi, yaani ufinyanzi wa Japan wa jina hilo, kutoka tanuri za mtawala wa Kagoshima, karne ya 18, haina dosari. Bei ya kuanzia iliwekwa kwa kufuata maneno hayo. Mtu aliyetaka kuinunua aliomba ichunguzwe kwanza, akapewa saa moja mezani, kwa sharti kwamba chombo kisikwanguliwe wala kupakwa dawa yoyote.

Saa moja inatosha, mradi uchunguzi uanze mahali panapostahili. Wengi huanza na alama ya kitakoni, na hapo ndipo wanapopotea. Ukishaisoma alama, macho huanza kuyatafuta yale yanayoiunga mkono na kuyaruka yanayoipinga. Kwa vyombo vya Satsuma kosa hili ni kubwa kuliko kwa vingine, kwa sababu alama zake zilichorwa kwa uhuru mkubwa. Udongo, glezi (ule utando wa kioo unaofunika udongo), dhahabu na mkono wa mchoraji havikuwa na uhuru huo.

Muuzaji hakuwa na nia ya kudanganya. Aliona mambo matatu akayaunganisha: duara lenye msalaba ndani yake, yaani nembo ya ukoo wa Shimazu, chini yake herufi mbili nyekundu zinazosomeka "Satsuma", na mtandao wa nyufa ndogo zilizogeuka kahawia, ambazo alidhani ni dalili ya uzee. Kila moja kati ya hayo lipo kweli kwenye chombo. Maana aliyolipa ndiyo yenye matatizo.

Jina moja, maana mbili

Satsuma ni jimbo la zamani la Japan, kusini mwa kisiwa cha Kyushu, ambalo leo limo katika mkoa wa Kagoshima. Mabwana wake walikuwa ukoo wa Shimazu. Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa Japan wakati huo, alipoishambulia Korea kati ya 1592 na 1598, Shimazu Yoshihiro alirudi na wafinyanzi wa Kikorea, na baadhi yao wakawekwa Naeshirogawa, kijiji ambacho siku hizi kinaitwa Miyama. Huko vilifinyangwa vyombo vyeusi vya matumizi ya watu wa kawaida, na vyeupe vilivyokuwa vya mtawala na wageni wake. Hivyo vyeupe vya zamani ni vidogo na vina staha: bakuli za chai, vyetezo, vyombo vya maji. Vikiwa na mchoro, ni maua machache na sehemu kubwa imeachwa wazi. Hata ufundi wa kupaka enameli, yaani rangi za kioo zinazochomwa juu ya glezi, haukuzaliwa Kagoshima. Mwishoni mwa karne ya 18 mafundi wa Satsuma walikwenda kujifunza kwa wenzao wa Kyoto, kisha wakarudi nao nyumbani.

Mambo yalibadilika mwaka 1867, Satsuma ilipopeleka bidhaa zake kwenye maonyesho makubwa ya Paris, na tena 1873 huko Vienna, ambako vasi kubwa za Chin Jukan wa 12, mfinyanzi wa Naeshirogawa, ziliwashangaza watazamaji. Katikati ya maonyesho hayo mawili, mwaka 1871, majimbo yalifutwa na tanuri za watawala zikabaki bila mlezi. Ulaya na Marekani sasa zilitaka Satsuma kuliko Kagoshima ilivyoweza kutoa. Kyoto, Osaka, Kobe, Yokohama, Tokyo na Kanazawa zikaingia kazini. Wengine walifinyanga wenyewe. Wengine walinunua vyombo vilivyokwisha tiwa glezi lakini havijachorwa, wakavipamba kwenye karakana zao mjini. Tangu hapo neno Satsuma lina maana mbili: mahali, na mtindo wa udongo wa rangi ya krimu wenye nyufa laini, enameli na dhahabu. Vyombo vingi vilivyomo mikononi mwa wakusanyaji leo ni vya maana ya pili. Hilo si aibu kwao. Baadhi ya kazi bora kabisa za mtindo huu, kama za mchoraji Yabu Meizan, zilichorwa Osaka.

Mwili wa chombo

Kwanza vasi ililazwa juu ya taulo lililokunjwa mara nne, imeshikwa tumboni kwa mikono miwili. Shingo haishikwi, na kama chombo kina masikio ya kushikia, hayo ndiyo yasiyoguswa kabisa, maana ndiyo huvunjika na kugundishwa bila mtu kutangaza.

Kwenye kitako kuna pete isiyo na glezi, upana wa milimita 4 hivi. Hapo ndipo udongo unapoonekana uchi. Rangi yake ni krimu inayoelekea kijivu, punje zake laini kiasi kwamba bila lenzi huzioni. Tone dogo la maji safi, dogo kama kichwa cha pini, liliwekwa juu ya pete hiyo kwa kijiti cha meno, kwa ruhusa ya muuzaji. Lilinywewa ndani ya sekunde chache na kuacha doa jeusi kidogo lililokauka baadaye. Kauri, ule ufinyanzi mweupe na mgumu wa sahani za Kichina, isingelinywa. Maji yangekaa juu yake kama yanavyokaa juu ya kioo. Tochi ilipotiwa ndani ya mdomo wa vasi, hakuna mwanga uliopenya ukutani. Ilipogongwa kwa kiungo cha kidole ilitoa sauti nzito na fupi. Anayezifahamu sahani za Kichina zilizopangwa kwenye vidaka vya nyumba za Lamu au Unguja anajua sauti ya kauri inavyolia na kuendelea kulia, hapa haikuwepo.

Angalizo moja kuhusu kugonga. Kwa kauri, sauti iliyokufa huashiria ufa. Kwa Satsuma sauti imekufa tangu siku ya kwanza, hivyo kugonga hakukwambii chochote kuhusu uzima wa chombo. Kuna watu wanaoikataa vasi nzima kwa sababu "haikulia", na wengine hununua iliyopasuka wakidhani ni kawaida yake. Ufa hutafutwa kwa macho na mwanga wa pembeni.

Majibu ya pete, tochi na sauti yaliondoa jambo moja kubwa mezani. Tangu miongo ya mwisho ya karne ya 20 China imekuwa ikitoa vyombo vinavyoitwa Satsuma, vingine vikiwa na maneno "Royal Satsuma" au mraba mwekundu wenye herufi. Vingi ni vya kauri nyeupe na ngumu, na nyufa zake ni pana na zimetiwa rangi makusudi. Vasi hii si ya kundi hilo. Lakini udongo hauwezi kuvuka hapo. Kutofautisha kwa macho udongo wa Kagoshima na ule wa Awata, mtaa wa wafinyanzi wa Kyoto, ni jambo ambalo halina uhakika, na anayejitapa kwamba anaweza kwa kutazama tu asiaminiwe na fedha zako.

Nyufa hazihesabu miaka

Chombo kikitoka tanuri na kupoa, glezi ya Satsuma hunywea zaidi ya udongo ulio chini yake, na kwa kuwa imeshikamana nao haina pa kwenda, inapasuka vipande vidogo vidogo. Nyufa hizo zilikuwapo siku mnunuzi wa kwanza alipokibeba chombo. Ziliongezeka baadaye kidogo, kwa sababu udongo unaonywa unyevu hutanuka polepole na kuivuta glezi. Kwa hiyo kuwapo kwa nyufa si ushahidi wa umri, na kwa Satsuma kukosekana kwake ndiko kungetia shaka.

Kinachosema kitu ni jinsi rangi ya kahawia ilivyoingia. Kwa lenzi ya mara 10, nyufa za vasi hii zina rangi tofauti mahali na mahali. Ndani ya shingo na kuzunguka kitako zimekolea, maana kuna wakati chombo kilitiwa maji ya maua. Kwenye picha za ubavuni karibu zote ni safi, isipokuwa pale enameli ilipokwisha. Huo ni uchafu ulioingia kwa matumizi. Chombo kilichotumbukizwa kwenye chai au wino ili kionekane mzee hupata kahawia iliyo sawa kila upande, hadi kwenye pete ya kitako, na mara nyingi michirizi hubaki chini ya kona za kitako ambako kitambaa hakikufika. Hapa hayo hayapo. Tukubali basi kwamba chombo ni cha zamani, ila "zamani" bado haina mwaka.

Dhahabu

Kuna dhahabu za aina mbili, na kuzitenganisha ni ujuzi wa kwanza ambao mkusanyaji anapaswa kuufanyia mazoezi, kwa sababu hauhitaji kujua herufi hata moja ya Kijapani. Ya kwanza ni dhahabu ya unga: dhahabu iliyosagwa, ikachanganywa na kiyeyushi, ikapakwa kwa brashi, ikachomwa kwa joto la chini kuliko la glezi, kisha ikasuguliwa. Mng'ao wake umetulia, una uzito, na ukipitisha ncha ya kidole unahisi mwinuko mdogo. Ya pili ni dhahabu ya maji, iliyovumbuliwa Ujerumani katika karne ya 19. Hutoka tanuri ikiwa inang'aa kama kioo bila kusuguliwa, ni nyembamba mno, ina wekundu au umanjano wa shaba, na hufutika upesi. Vyombo vya bei nafuu vya karne ya 20 vimejaa hiyo ya pili.

Nakshi zilizo juu ya buluu ya vasi hii ni za dhahabu ya unga. Zimefifia tumboni, kwa mikanda miwili inayolingana na mahali ambapo viganja hushika chombo kikinyanyuliwa. Mabegani ziko karibu kamili. Uchakavu huo una mantiki. Lakini mdomoni, mahali panapoguswa kuliko pote, pana kipande chenye urefu wa sentimita 3 ambapo dhahabu ni mpya kabisa, ya njano zaidi, wakati sehemu iliyobaki ya mdomo huo huo imelika hadi udongo unaonekana. Jambo hilo liliandikwa pembeni na kuachwa kwanza.

Picha

Nafasi moja ya ubavuni ina wanawake watatu na mtoto chini ya mcheri uliochanua. Nyingine ina maua ya krisanthemu na ndege wawili. Mistari ya kuzungukia miili inanenepa na kukonda, na pale brashi ilipoinuliwa kuna ncha kali. Ni kazi ya mkono. Chapa za kisasa za kubandika hujidhihirisha chini ya lenzi kwa nukta ndogo zilizopangwa safu, na kidole hakihisi mwinuko wowote. Hata hivyo mtu asikimbilie kukataa kila mstari uliochapwa. Yabu Meizan alitumia bamba za shaba kuhamishia mistari ya kwanza ya mchoro kwenye chombo, kisha ikajazwa kwa brashi, na kazi zake ni miongoni mwa zinazotafutwa sana.

Daraja la kazi linaonekana kwenye mambo madogo. Kwenye mkono wa kimono ya yule mtoto, ambao wote una upana wa milimita 6, kuna maua manne ya dhahabu, kila moja na petali tano, na zote tano zimetenganishwa. Huo ni mkono wenye subira. Sasa tazama nywele. Mwanamke wa mbele amechorewa nywele moja moja pale zinapoanzia kwenye paji la uso. Wawili wa nyuma wamepakwa weusi mtupu. Nyuso zao zote tatu ni sura ile ile, kidevu kile kile. Mchoraji alilipwa kwa muda fulani, akautumia mbele na kuubana nyuma. Kazi ya daraja la juu haibani popote, hata kwa mtu aliyesimama mbali ndani ya mchoro. Kwa hukumu yetu hii ni kazi nzuri ya daraja la kati, iliyofanywa na fundi aliyejua kuliko alivyopewa nafasi ya kuonyesha.

Picha hizo hizo ndizo zinazoivunja "karne ya 18". Vasi zenye watu, zilizojazwa nakshi kutoka mdomo hadi kitako, ni za soko la nje lililofunguka baada ya maonyesho ya Paris. Ubishi huu ni wa siku nyingi. Edward S. Morse, Mmarekani aliyefika Japan mwaka 1877 na ambaye mkusanyiko wake mkubwa wa vyombo uko Boston tangu 1892, alishikilia kwamba Satsuma ya kale haina picha za watu. James Lord Bowes, tajiri wa Liverpool aliyefungua jumba lake la sanaa za Japan mwaka 1890, alivitetea vyombo vyake vilivyopambwa. Walijibizana kwa maandishi, na ushahidi umempa haki Morse. Lakini maneno "Satsuma ya kale" yalishabandikwa kwenye vyombo vya nyumba nyingi za Uingereza, yakarithiwa pamoja navyo. Karatasi ya maelezo ya mnada huu ni mjukuu wa ubishi huo.

Kitako: alama mbili, moja haikuwa imeonekana

Baada ya hayo ndipo kitako kikasomwa. Nembo ya Shimazu imepakwa kwa enameli ya buluu yenye ukingo wa dhahabu, na chini yake herufi nyekundu 薩摩. Nembo hii ilitumiwa na wachoraji wa kila mji kama ishara ya aina ya bidhaa. Haina maana kwamba chombo kilimilikiwa na ukoo huo au kilitoka kwenye tanuri zao. Kama ingekuwa ushahidi wa umiliki, ukoo wa Shimazu ungelazimika kuwa na maghala yanayojaa bandari.

Kisha taa ya chumba ilizimwa na tochi ikalazwa mezani, mwanga ukipita juu ya kitako karibu sambamba nacho. Kivuli kikatokea mahali ambapo awali palionekana laini: bonde dogo la mviringo, kama milimita 8 kwa 6, limejaa glezi nusu. Ni muhuri uliokandamizwa kwenye udongo ukiwa mbichi. Ulipigwa picha nne, mwanga ukitoka kaskazini, kusini, mashariki na magharibi ya kitako, maana mstari unaopotea kwa mwanga mmoja huonekana kwa mwingine. Mahali ambapo glezi haijajaa, karatasi nyembamba na penseli laini hutosha kunakili muhuri, hapa isingesaidia.

Herufi ni tatu, kutoka juu kwenda chini. Kwa asiyesoma Kijapani, ya chini ndiyo ya kushika kwanza: 山, yaani mlima, inafanana na uma wenye meno matatu, na jino la katikati ni refu. Meno lazima yaelekee juu. Yakielekea chini, umeshika chombo kinyume, na ukituma picha hiyo kuulizia utajibiwa vibaya. Iliyo juu yake ni 光, mwanga, na ya kwanza, yenye mistari mingi, ni 錦. Pamoja: 錦光山, Kinkozan.

Kinkozan ni ukoo wa wafinyanzi wa Awata, Kyoto. Sobei wa 6, aliyefariki 1884, ndiye aliyeielekeza karakana kwenye soko la nje mwanzoni mwa enzi ya Meiji (1868–1912), na mwanawe Sobei wa 7 akaikuza hadi ikawa kati ya wazalishaji wakubwa kabisa wa Satsuma ya Kyoto. Karakana ilifungwa 1927. Buluu iliyokolea yenye nakshi za dhahabu, na nafasi za picha zilizoachwa ndani yake, ni sura ambayo wakusanyaji huihusisha na karakana hiyo kabla hata hawajageuza chombo.

Kwa nini muhuri huu mdogo una nguvu kuliko nembo kubwa ya kupendeza? Kwa sababu ya wakati ulipowekwa. Enameli inaweza kupakwa na mtu yeyote mwenye tanuri ndogo, mahali popote, mwaka wowote baada ya chombo kufinyangwa. Muhuri ulio chini ya glezi uliwekwa kabla glezi haijamwagwa, na aliyeuweka ni mwenye udongo. Hapa hata hivyo pana mpaka wa kuheshimiwa. Muhuri unathibitisha aliyefinyanga. Hauthibitishi aliyechora, kwa kuwa vyombo visivyochorwa viliuzwa na kupambwa kwingine. Buluu na mpangilio wa nakshi vinafanana mno na kazi ya karakana yenyewe, hivyo tunaona ilichorwa humo humo, lakini sentensi hii ina nguvu pungufu kuliko ile ya kwanza na inapaswa kuandikwa hivyo. Jina la mchoraji halipo kwenye kona za picha, mahali ambapo hutiwa sahihi ndogo.

Jambo jingine la kitako ni kile kisichokuwepo. Sheria ya forodha ya Marekani ya 1890 ilidai bidhaa za nje ziandikwe nchi zilikotoka, na ndiyo maana vyombo vingi vya Japan vina neno "Nippon" kwa herufi za Kilatini, na baada ya 1921 "Japan". Vasi hii haina neno hilo. Wapo wanaosema basi ni ya kabla ya 1891. Hapana. Sheria ilihusu bidhaa zilizoingia Marekani, na hata hizo ziliweza kubandikwa karatasi iliyong'oka siku ya kwanza ya kuoshwa. Neno likiwepo hukupa mwaka wa kuanzia. Lisipokuwepo halikupi kitu.

Kwa kuunganisha muhuri, buluu, dhahabu ya unga na daraja la mchoro, tarehe inayofaa ni kati ya 1890 na 1915.

"Haina dosari"

Ilibaki kauli ya tatu, na ile sentimita 3 ya dhahabu mpya mdomoni. Taa ya urujuanimno ya nanomita 365 iliwashwa gizani. Glezi yote ilibaki na zambarau iliyotulia. Kipande kile kiling'aa kwa weupe wa maziwa, na mng'ao haukuishia kwenye dhahabu. Uliteremka ndani ya shingo kwa umbo la pembetatu, milimita 14 kwenda chini. Ni utomvu wa kisasa uliojazwa mahali palipokatika, ukapakwa rangi.

Fundi aliyeitengeneza alikuwa hodari. Alijua kwamba krimu isiyo na nyufa ingemtoa, hivyo alichora nyufa kwa brashi ya unywele mmoja. Kwa mwanga wa mchana zinadanganya. Kwa lenzi zinajitoa: ufa halisi umo ndani ya kioo, na ukiinamisha chombo unauona ukimeta kama ukingo wa wembe, ufa wa brashi umelala juu na haumeti, na pale unapokutana na mpaka wa kipande unakoma, hauendelei upande wa pili. Mdomo wa binadamu pia ni kipimo kizuri. Ukigusisha mdomo wa chini, glezi ni baridi na utomvu una vuguvugu. Asitoni kwenye ncha ya pamba ingelainisha rangi hiyo na kuiacha dhahabu iliyochomwa, lakini sharti la muuzaji lilikataza, na sharti ni sharti. Ushahidi ulikuwa umetosha bila hiyo.

Kilichoandikwa badala ya maelezo ya kwanza

Muuzaji alionyeshwa muhuri na kipande cha mdomo chini ya taa, akakubali maelezo yabadilishwe kabla ya mnada: vasi ya udongo wenye glezi ya nyufa, mtindo wa Satsuma, muhuri wa Kinkozan uliokandamizwa, Kyoto, kati ya 1890 na 1915, kazi ya karakana hiyo kwa kadiri inavyoonekana, nembo ya Shimazu na neno Satsuma vimepakwa kama pambo, mdomo umetengenezwa, sentimita 3 kwa milimita 14, dhahabu imechakaa tumboni. Bei ya kuanzia ilishushwa.

Mnunuzi alishauriwa kuishindania kama Kinkozan ya daraja la kati iliyovunjika mdomo, na kusimama bei ikivuka ile ya kazi nzima ya daraja hilo hilo. Hakushauriwa kuiacha. Chombo chenye muhuri ulio wazi na buluu iliyobaki hivi ni mwalimu mzuri kuwa nacho kabatini, cha kulinganishia vingine vitakavyoletwa bila muhuri.

Akishaipata, isitiwe maji. Glezi yenye nyufa si kizuizi. Maji hupenya hadi kwenye udongo na kurudi na kahawia chini ya picha, na kahawia hiyo haitoki. Vumbi liondolewe kwa brashi laini ya rangi, kwenye dhahabu kwa kugusa tu bila kusugua. Isiwekwe kwenye dirisha lenye jua, kwa sababu utomvu wa mdomoni utageuka njano muda mrefu kabla krimu inayouzunguka haijabadilika. Na picha nne za muhuri zichapwe, zitiwe kwenye bahasha pamoja na maelezo mapya, bahasha ikae na chombo popote kitakapokwenda, karatasi ya zamani ikiwa ndani yake pia, imepigwa mstari.